Nyumba juu ya chesisi ya lori

Abiria wa mabasi ya masafa marefu katika Afrika Mashariki wana elimu ambayo hawakuipata darasani. Anayekata tiketi mapema huomba kiti cha katikati, kwa sababu anajua siti ya nyuma inarusha. Basi likipita kwenye tuta, aliyeketi nyuma ya ekseli ya mwisho huruka hadi akakaribia kugusa dari, huku mwenzake wa katikati akitikisika kidogo na kuendelea kusinzia. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, tuta ni lile lile. Kinachowatenganisha ni umbali wa kila mmoja kutoka kwenye magurudumu. Elimu hiyo ya abiria ndiyo inayohitajika ili kuyaelewa magari makubwa kuliko yote ambayo raia wa kawaida wa Marekani huyaendesha kwa starehe zake: magari-nyumba, yale yenye umbo la basi, ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, bafu, jokofu na makochi.

Ukubwa wake si wa kubeza. Upana hufika karibu mita 2.6, kimo hukaribia mita 4, na urefu huanzia mita 9 au 10 hadi 13.7. Yale ya petroli huwa na uzito wa tani 8 hadi 12. Yale makubwa ya dizeli hupita tani 20. Pamoja na hayo, katika majimbo mengi ya Marekani mtu huruhusiwa kuendesha gari la namna hii kwa leseni ile ile anayoendeshea gari dogo. Mstaafu aliyeendesha saluni miaka 40 anaweza kulinunua Ijumaa na Jumamosi akaliingiza barabara kuu. Huko ndiko yanakoanza malalamiko, na yanafanana kila mahali: usukani hautulii, gari linatangatanga ndani ya njia yake, lori likipita linalivuta kisha linalisukuma, kwenye kona linalala, vyombo vinagongana kabatini, na baada ya kilomita 300 mabega ya dereva yamekufa ganzi. Majibu anayopewa ni mawili. La kwanza, atazoea. La pili, anunue vifaa vya kufunga chini ya gari.

Nadhani majibu yote mawili yanakwepa kiini. Tabia ya gari-nyumba barabarani huamuliwa kwenye karatasi ya mchoro, siku bodi ya urefu fulani inapowekwa juu ya chesisi ya urefu fulani, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa kufikiria sebule, barabara ikiachwa ije kufikiriwa baadaye. Dereva na fundi hukuta mambo yamekwisha. Wanaweza kupunguza madhara ya uamuzi huo, lakini hawawezi kuufuta.

Tazama jinsi magari haya yanavyozaliwa. Ford hutengeneza chesisi iitwayo F-53: fremu ya chuma, injini mbele, ekseli nzima za chuma mbele na nyuma, springi za majani, usukani na breki, bila bodi. Ndugu yake, F-59, huvalishwa bodi za magari ya kusambaza bidhaa mijini. Kwa magari ya dizeli, kiwanda kikubwa ni cha Freightliner kilichoko Gaffney, South Carolina, ambacho huweka injini nyuma na kutumia mifuko ya hewa badala ya springi za majani. Chesisi ikishakamilika huchukuliwa na kampuni nyingine kabisa, ambayo hujenga nyumba juu yake. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo marefu hapa; ameona chesisi ya lori ikiingia kwenye karakana ya bodi na kutoka ikiwa basi. Aliyetengeneza chesisi hajui jokofu litakaa wapi wala tangi la maji litafungwa upande gani. Aliyejenga nyumba hakuchagua springi. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa mujibu wa viwango vyake, lakini tabia ya gari zima haina mwenyewe.

Sasa turudi kwenye siti ya nyuma. Wenye magari haya wana kipimo kimoja rahisi: chukua umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, ugawanye kwa urefu wa gari zima. Wanaojua kazi hii hupenda jibu lisiwe chini ya asilimia 54 au 55. Likishuka kuelekea 50, wanakuwa na wasiwasi. Chesisi ya F-53 hutoka kwa urefu mbalimbali. Ukichukua yenye mita 5.28 kati ya ekseli na kuijengea nyumba ya mita 10.36, unapata asilimia 51. Nyumba hiyo hiyo ukiiweka juu ya chesisi yenye mita 5.79, unapata karibu 56. Tofauti ni nusu mita ya chuma. Anayeingia ndani kuangalia kitanda hataiona, na anayeshika usukani ataihisi kila siku mpaka aliuze gari.

Sababu yake ni mizani ya kawaida, ile ya watoto wanaobembea juu ya ubao. Ekseli ya nyuma ni jiwe la katikati. Kila kilo inayowekwa nyuma yake inabonyeza mkia na kuinua pua. Tuseme chumba cha kulala kiko nyuma, na mwenye gari amejaza kabati na kufunga sanduku la vifaa hadi uzito wa kilo 300 ukakaa mita 2.5 nyuma ya ekseli, kwenye chesisi ile ya mita 5.28. Ekseli ya nyuma haibebi kilo 300 za ziada, inabeba 442. Zile 142 za nyongeza zimenyang'anywa magurudumu ya mbele, na ya mbele ndiyo yanayoshika usukani. Hapo ndipo dereva anaposema gari "linaelea". Anageuza usukani kidogo na gari halijibu, anaongeza kidogo tena, linajibu kuliko alivyotaka, analirudisha. Anafanya hivyo mara elfu kwa siku, kisha anaambiwa hajazoea.

Mkia mrefu una hila nyingine inayojulikana na kila dereva wa basi: ukikata kona kulia, nyuma inafagia kushoto. Lakini kwenye barabara kuu hatari kubwa zaidi ni upepo. Ubavu wa gari la mita 12 lenye bodi ya kimo cha mita 3 una eneo la mita za mraba 36. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao bado si dhoruba, hubonyeza kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14. Ukijumlisha, ubavu mzima unasukumwa na karibu nusu tani. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Lori linalolipita kutoka nyuma nalo huja likisukuma ukuta wa hewa mbele yake. Ukuta huo hugusa kwanza mkia wa gari-nyumba na kuutupa nje, na pua ikageukia kwenye lori. Muda mfupi baadaye ukuta umefika mbele, na sasa pua ndiyo inayosukumwa nje. Dereva aliyesahihisha msukumo wa kwanza anajikuta amezidisha wa pili. Mkia ukiwa mrefu na magurudumu ya mbele mepesi, upepo unapata wenzo wa kushikia, na dereva amepoteza wa kwake.

Kuna jambo kuhusu springi ambalo hunishangaza kila ninapolifikiria. Lori hubeba mzigo kwenda na mara nyingi hurudi tupu, kwa hiyo springi zake lazima ziwe ngumu kiasi cha kubeba tani kadhaa. Ndiyo maana lori tupu hurukaruka. Gari-nyumba halirudi tupu. Kitanda, jiko na kuta viko ndani yake mwaka mzima. Kinachobadilika ni maji, mafuta, chakula, nguo na watu. Hili lingeweza kuwa gari ambalo springi zake zimepimwa kwa usahihi kuliko gari lolote la mizigo, maana uzito wake mwingi unajulikana siku linapotoka kiwandani. Badala yake chesisi ya daraja moja hujengewa nyumba nyepesi leo na nzito kesho. Nyepesi inatikisa wenyewe kama mchele kwenye ungo, na nzito inatoka kiwandani ikiwa imebakiwa na nafasi ya kilo chache kabla ya kufika kikomo cha ekseli. Na springi za majani zina udhaifu wao wa asili: vyuma vilivyolaliana husuguana, na tuta dogo halina nguvu ya kuvitelezesha, kwa hiyo mtikisiko wake hupita moja kwa moja hadi sakafuni.

Mifuko ya hewa hulitibu hilo kwa kiasi kikubwa. Uzito ukiongezeka, vali huingiza hewa zaidi, gari linabaki kwenye kimo chake na ulaini wake haubadiliki sana. Abiria wa Tanzania waliohama kutoka mabasi ya zamani ya chesisi ya lori kwenda kwenye mabasi mapya yenye injini nyuma na mifuko ya hewa wanaijua tofauti hiyo bila kuambiwa. Ila mfuko wa hewa hubeba tu. Hauzuii bodi kulala kwenye kona wala hautulizi kunesanesa baada ya tuta. Kazi hizo ni za vyuma vya kuzuia bodi isilale, vyuma vinavyoishika ekseli isiende pembeni, na shokapu. Hapa ndipo hoja ya wauzaji kwamba ukitaka ulaini lazima ukubali kuyumba inapoanguka. Kubeba, kutuliza na kuzuia kulala ni kazi tatu, na kila moja ina chuma chake. Gari linaloyumba kwa sababu ni laini ni gari ambalo kazi mbili kati ya hizo zimefanywa kwa ubahili.

Juu ya tairi ningeomba msomaji asiende haraka, kwa sababu hapa suala la starehe linageuka kuwa suala la uhai. Viwanda vya tairi huchapisha majedwali yanayoonyesha upepo unaohitajika kwa kila uzito. Ukizidisha, tairi linakuwa kama jiwe, gari linatikisika na sehemu inayogusa lami inapungua. Ukipunguza, kuta za tairi zinajikunja kila mzunguko, zinapata joto, na tairi linapasuka. Kuyatumia majedwali hayo kunahitaji kujua kila gurudumu limebeba nini, na nyumba haina ulinganifu wa basi: jokofu na jiko vinaweza kuwa upande mmoja, pamoja na sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kwa mota ili kupanua sebule, huku upande wa pili ukiwa na meza na viti viwili. Ekseli inaweza kuwa ndani ya kikomo chake huku tairi la kushoto limezidiwa. Kupima ekseli peke yake hakutoshi. Inafaa kila gurudumu lipimwe.

Ushahidi wenye uchungu zaidi ni wa tairi la Goodyear G159. Lilitengenezwa kati ya 1996 na 2003, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilieleza kwamba lilikuwa limebuniwa kwa ajili ya magari ya kusambaza bidhaa mijini. Likafungwa kwenye magari-nyumba, yanayokwenda kasi ya barabara kuu kwa saa nyingi na mzigo mzito. NHTSA iliyahusisha matairi hayo na ajali zilizoua watu 8 na kujeruhi 69. Mwaka 2022 Goodyear ilikubali kuyarudisha zaidi ya 173,000, huku ikishikilia kwamba hayakuwa na kasoro na kwamba hatari hutokana na kuzidisha mzigo au kupunguza upepo. Wacha tuuchukue utetezi huo kama ulivyo. Hata hivyo unabakiza swali: ni nani aliyeamua kwamba nyumba nzito kiasi hicho itembee juu ya tairi lisilosamehe kosa la mzigo wala la upepo? Ni uamuzi wa siku ya mchoro tena. Familia zilizokuwa ndani hazikushirikishwa.

Wapo watakaosema kwamba tiba ipo na inauzwa. Ni kweli, na sitaki kuidharau. Vyuma vinene vya kuzuia kulala, shokapu bora, chuma cha kuishika ekseli ya nyuma, kifaa cha kutuliza usukani: vyote vinasaidia. Wenye F-53 hata wana mbinu isiyogharimu chochote, ya kuhamishia kiungo cha chuma cha kuzuia kulala kwenye tundu jingine ambalo tayari lipo, ili chuma hicho kiwe kigumu zaidi. Alaimenti iliyopigwa gari likiwa na mzigo wake wa safari nayo inafanya kazi kubwa, kwa sababu ile ya kiwandani ilipigwa kabla nyumba haijapanda juu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosogeza ekseli. Gari la asilimia 50 lililofungwa kila kifaa sokoni bado ni la asilimia 50. Limeboreshwa, na mwenyewe amelipa mara mbili kwa kitu ambacho nusu mita ya fremu ingempa tangu mwanzo.

Wengine watasema dereva apunguze mwendo. Hilo nalo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa nguvu za upepo na za kona hupanda haraka kuliko kasi yenyewe, na dereva anayekwenda kilomita 90 kwa saa ana nafasi kubwa ya kusahihisha kuliko wa 115. Tatizo ni kwamba mwendo mdogo unamlinda wakati wa kawaida, ilhali gari hupimwa wakati usio wa kawaida: mbwa anapokatiza, tairi la mbele linapopasuka, gari la mbele linaposimama ghafla. Hapo kinachotakiwa ni magurudumu ya mbele yenye uzito wa kutosha kuing'ang'ania lami. Na dereva aliyechoshwa na kupigana na usukani tangu asubuhi ndiye atakayechelewa kwa nusu sekunde jioni. Ndiyo maana nakataa kuiita tabia ya gari hili suala la anasa. Uchovu wa mabega ni sehemu ya mfumo wa breki.

Hoja nzito kuliko zote ni ya bei: kwamba gari-nyumba lililobuniwa kama gari zima haliwezi kuuzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Prevost, kiwanda cha mabasi cha Sainte-Claire huko Quebec, hutoa mabasi yake kwa wajenzi wa nyumba, na yanasifiwa kwa utulivu wake barabarani kwa sababu ni mabasi ya kweli. Lakini gari likikamilika bei yake hupita dola milioni 1. Hata hivyo historia inaonyesha njia nyingine. Kuanzia 1973 hadi 1978 General Motors, kiwanda cha magari ya kila siku, ilitengeneza yenyewe gari-nyumba la GMC, chesisi na nyumba pamoja. Ilichukua mitambo ya gari la Oldsmobile Toronado, inayovutwa kwa magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hapakuwa na propela shafti wala difu nyuma, sakafu ilishuka karibu na ardhi, na uzito ukashuka nayo. Nyuma kulikuwa na magurudumu mawili kila upande, moja likifuata jingine, yakitembea kwa uhuru na kubebwa na mfuko wa hewa. Yalitengenezwa kama 12,900 hivi, na sehemu yake nzuri bado inatembea. Lilikuwa dogo, mita 7 hadi 8, na siwezi kudai kwamba muundo wake ungehimili nyumba ya tani 15. Ninachodai ni kwamba swali la "litakwendaje?" liliulizwa kabla ya swali la "litakuwa na vitanda vingapi?", na jibu likapatikana. Nako Ujerumani, kampuni ya AL-KO hutengeneza chesisi ya chini na pana inayofungwa nyuma ya kichwa cha Fiat Ducato, mahususi kwa magari-nyumba, na hayo ni magari ya watu wa kipato cha kati. Kwa makubwa zaidi, ekseli ya tatu nyuma ya ile inayoendesha hubeba mkia. Kwa hiyo maarifa yapo na bei zake ni tofauti tofauti. Kinachokosekana ni mnunuzi anayeuliza.

Na mnunuzi hawezi kuuliza asichoonyeshwa. Tangu 2008 sheria ya Marekani imetaka kila gari-nyumba jipya libandikwe karatasi inayotaja kilo ambazo watu na mizigo yao hawapaswi kuzizidi, na uzito wa maji tangi likijaa. Ni hatua njema, maana lita 380 za maji ni kilo 380. Lakini karatasi hiyo haisemi uzito umelalia ekseli ipi wala gurudumu gani, na haisemi asilimia ya urefu kati ya ekseli. Vingeongezwa hivyo viwili kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa bei, wajenzi wangerefusha fremu wenyewe bila kusukumwa na mtu. Karakana zetu za bodi za mabasi zingefaa kuwekewa sharti hilo hilo, kwa kuwa abiria wa siti ya nyuma hana hata nafasi ya kuchagua chesisi.

Kwa msomaji aliyeko Marekani au Kanada, anayefikiria kukodi au kununua gari la namna hii kwa safari ya familia, ombi langu ni moja. Nenda na futi. Pima kutoka gurudumu hadi gurudumu, pima gari zima, gawanya. Kisha omba lipelekwe kwenye mizani ya malori, zipo kwenye vituo vingi vya mafuta vya barabara kuu, likiwa na maji na mafuta, ujue kila ekseli imebeba nini. Karatasi ya uzito iko karibu na mlango wa kuingilia. Isome ukiwa bado ngazini, kabla hujaonyeshwa jiko.